Maji yenye jina kubwa, mazuku na "Ebola business": je, kicheko kinaweza kufundisha sayansi?

Kuna kitu kimoja chenye kinaitwa monoksidi ya dihidrojeni. Hakina rangi, hakina harufu. Kikiingia kwenye mapafu ya mtu, kinamuua kwa dakika chache. Kikiwa mvuke, kinachoma ngozi. Kinaleta kutu kwenye vyuma, kinamomonyoa vilima na kukata barabara, kiko ndani ya mvua ya asidi, na waganga wanakikuta kila mara ndani ya uvimbe wa wagonjwa wa kansa. Viwanda vinakitumia kila siku, kisha vinakimwaga kwenye mito. Je, kipigwe marufuku?

Mwaka 1997, mwanafunzi mmoja wa miaka 14 katika mji wa Idaho Falls, Marekani, aliwapa wenzake 50 karatasi yenye maelezo ya namna hiyo na akawauliza swali hilo. 43 walijibu: ndiyo, kipigwe marufuku. Sita hawakujua waseme nini. Mmoja tu njo alitambua kwamba kitu hicho ni maji. Hidrojeni mbili, oksijeni moja, basi. Kijana huyo alipata zawadi ya kwanza kwenye maonyesho ya sayansi ya eneo lake. Mchezo wenyewe hakuuanzisha yeye: ulikuwa umekwisha kuzunguka Marekani tangu miaka ya 1980, kwa magazeti madogo na kwa wanafunzi wa vyuo vikuu.

Cha kuangalia hapa ni hiki: kwenye maelezo yale hamna bongo hata moja. Maji yanaua mwenye kuzama. Mvuke wa maji unachoma. Uvimbe una maji, sawa vile mwili wote wa mtu una maji. Kila neno ni la kweli, na bado jibu la wale 43 lilikuwa la kuchekesha. Na wale vijana hawakuwa wajinga. Mtoto wa umri ule amekwisha kufundishwa alama ya maji, H2O, na kama mwalimu angeiuliza kwenye mtihani, wengi wangeiandika bila kufikiri mara mbili. Chenye kilikosekana ni tabia ya kusimama kidogo na kuuliza: kiasi gani? ukilinganisha na nini? umejuaje?

Tabia hiyo haiji kwa kukariri. Katika Kivu na Ituri, kukosekana kwake kumekwisha kuondoa maisha ya watu.

Tarehe 1 Agosti 2018, serikali ilitangaza Ebola upande wa Mangina, katika teritwari ya Beni. Ugonjwa ulizunguka Kivu ya Kaskazini na Ituri, ukagusa hata Kivu ya Kusini, na ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470 walihesabiwa, na 2,287 kati yao walikufa. Mwezi wa Septemba 2018, watafiti waliuliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Mmoja kwa wanne hivi alisema kwamba Ebola si ya kweli. Wenye kuamini hivyo njo walikuwa pia wazito wa kukubali chanjo na wazito wa kwenda hospitali. Utafiti uleule, uliotoka mwaka 2019 katika jarida la kiganga The Lancet Infectious Diseases, ulionyesha jambo lingine lenye watu hawalitaji sana: karibu theluthi moja tu ya watu hao waliamini kwamba wakubwa wa kwao wanatetea faida yao.

Kwa hiyo mtu hakukataa mikrobi peke yake. Alimkataa mwenye kumletea habari ya mikrobi.

Ni hapo neno "Ebola business" lilizaliwa. Wengi wanalikumbuka kama uzushi, lakini kwa kweli lilikuwa dhihaka, na dhihaka yenye meno. Raia waliokuwa wakizika watu waliouawa na wenye silaha, mwaka baada ya mwaka, bila kuona msaada mkubwa, waliona kwa wiki chache tu magari mapya, kodi za nyumba zikipanda na watu wageni wakilipwa feza ya kila siku. Walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Baadaye, Septemba 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe, OMS, ilieleza namna watu waliokuja kupigana na Ebola walinyanyasa wanawake kingono. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Mwenye kusema kwamba kulikuwa biashara na uchafu ndani ya kazi ile hakusema bongo.

Kosa lilikuja kwenye hatua iliyofuata. "Kuna watu wanakula feza ya Ebola" ni jambo moja. "Basi Ebola hakuna" ni jambo lingine kabisa, na la kwanza halizai la pili. Kuna watu wanakula feza ya barabara, lakini hakuna mtu anayesema kwamba matope ya njia ya Butembo ni ya kubuniwa. Mwalimu akiweka sentensi hizo mbili ubaoni, moja pembeni ya ingine, darasa litacheka lenyewe. Na katika kicheko hicho kuna somo lote la mantiki ambalo vitabu vinalifundisha kwa kurasa kumi.

Juma la mwisho la Desemba 2018 linafaa kusomwa tena na kila mwalimu wa sayansi wa jimbo. Tarehe 26, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba uchaguzi umesogezwa mpaka Machi 2019 kwa Beni na Butembo, kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Maana yake, kura za wakaaji wa huko hazingehesabiwa kwa kumchagua rais. Kesho yake, katika maandamano ya hasira huko Beni, watu walivamia kituo cha kupokea watu waliodhaniwa kuwa na Ebola. Mahema yaliharibiwa, na wagonjwa waliokuwa wakingojea majibu ya vipimo walikimbia. Siku tatu baadaye, tarehe 30, wakaaji wa mji uleule walifanya kitu kingine: walipanga uchaguzi wao wenyewe wa mfano. Walitengeneza vituo vya kupigia kura, wakapanga mistari, na kabla ya kupiga kura watu walinawa mikono, sawa vile timu za Ebola zilivyowafundisha.

Ile ilikuwa siasa, ndiyo. Lakini ilikuwa pia hoja ya kisayansi iliyovaa nguo ya mchezo. Iliuliza: kama mistari ya watu inaleta Ebola, juu ya nini masoko yako wazi? Juu ya nini makanisa yanajaa kila siku ya Mungu? Na kama kunawa mikono kunasaidia sokoni, kwa nini kusisaidie kwenye kituo cha kura? Mwenye kutoa amri alipaswa kujibu kwa hesabu na kwa ushahidi. Hasira ya watu wa Beni ilikuwa moja, siku chache zilipita kati ya matendo hayo mawili, na matokeo yalipishana kama mchana na usiku. La kwanza lilitawanya wagonjwa mjini. La pili liliwabana wakubwa kwa swali, na wapigaji kura wake walirudi nyumbani wakiwa na mikono safi.

Ndiyo maana haitoshi kusema "kicheko ni kizuri" na kumaliza hapo. Kuna kicheko chenye kinafungua swali, na kuna kicheko chenye kinalifunga. Wakati wa Ebola, ndugu za wagonjwa walichekwa, waliopona walichekwa, na kuna waelimishaji wenyewe waliocheka "ujinga wa wanakijiji". Kicheko cha namna hiyo kinamfanya mtu afiche mgonjwa ndani ya nyumba. Mwanafunzi wa Idaho Falls alifanya kinyume: alitega mtego ambao hata mwana wa profesa angeingia. Aliyeingia alijicheka mwenyewe, na mtu aliyejicheka mwenyewe hasahau haraka.

Mfano wa chanjo unaonyesha vizuri namna ya kufanya. Maneno yaliyozunguka sana yalikuwa haya: watu wanachanjwa, kisha wanapata Ebola, basi chanjo njo inaleta Ebola. Aprili 2019, OMS ilitoa hesabu za kwanza. Kati ya watu zaidi ya 90,000 waliokuwa wamechanjwa, 71 walipata Ebola. Lakini 56 kati ya hao waliugua ndani ya siku kumi hivi za kwanza, wakati mwili haujapata nafasi ya kujenga kinga. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuambukizwa kabla ya sindano, maana chanjo ilitolewa kwanza kwa watu waliokuwa karibu na mgonjwa. Mtu anaweza kuyaeleza hayo kwa dakika ishirini na watu wasinzie. Au anaweza kusema: huyu mtu amelowa mvua kutoka Mutwanga mpaka Beni, akafungua mwavuli alipofika mlangoni, kisha anamwambia mke wake kwamba mwavuli njo umemlowesha. Darasa likicheka, mwalimu asiendelee na somo lingine. Aulize palepale: tungejuaje kama mwavuli unasaidia kweli? Lazima kuangalia watu wenye mwavuli na watu wasio na mwavuli, chini ya mvua moja. Tayari wanafunzi wamefika kwenye jambo ambalo watafiti wanaliita kundi la kulinganisha, na hakuna aliyetaja jina lake.

Mashule ya Goma yana somo lingine lililo tayari nje ya mlango: mazuku. Neno hilo la kwetu limeingia mpaka kwenye vitabu vya wataalamu wa volkano wa dunia nzima. Upande wa magharibi wa Goma, kuelekea Sake, kuna mabonde na mashimo ambamo gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini na kukaa chini, juu ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Mbuzi na mbwa wanakufa humo, na hata watu, hasa watoto na wenye kulala chini. Kwa zamani sana vifo hivyo vimeelezwa kuwa kazi ya pepo mbaya.

Mwalimu mwenye haraka atasema: hiyo ni imani potofu, andikeni alama ya gesi. Watoto wataandika, na wakifika nyumbani wataendelea kuamini yaleyale kama zamani. Mwalimu mwenye uchekeshaji atauliza tu maswali, kwa uso mkavu kabisa. Huyu pepo, juu ya nini anamuua mbuzi na anamwacha mchungaji aliyesimama pembeni? Anachukia mbuzi? Sawa. Na mbona amemuua mbwa pia? Na mchungaji akiinama kuokota mbuzi wake, juu ya nini anaanguka? Kumbe ni pepo mwenye kupima urefu! Na anaogopa upepo, maana siku ya upepo mkali hafanyi kazi sana. Pole pole wanafunzi wenyewe wataanza kuchora tabia za huyu pepo: hapandi kilima, anapenda mashimo, anapenda asubuhi yenye kutulia. Mwishoni wamechora tabia za gesi nzito, na hakuna bibi wa mtu aliyetukanwa.

Kisha kuna jaribio, na halihitaji maabara ambayo shule haina. Beseni moja, mishumaa miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, siki na bikarbonati. Siki ikimwagwa juu ya bikarbonati chini ya beseni, povu linatoka, gesi inajaa kutoka chini, na mshumaa mfupi unazimika kwanza. "Pepo amekamata mfupi", watoto watapiga makelele. Wacha wapige. Jambo moja tu halina mchezo: hakuna kwenda kujaribu kwenye mazuku yenyewe, wala kwa mnyama.

Lakini kicheko kina hatari yake, na watu wa redio wanapaswa kuijua kuliko wengine. Tarehe 1 Aprili 2013, watangazaji wawili wa redio moja ya Florida, Marekani, waliwaambia wasikilizaji kwamba monoksidi ya dihidrojeni inatoka kwenye mabomba ya nyumba zao. Ilikuwa kweli, ni maji. Wasikilizaji waliingiwa na hofu, wakapiga simu kwa wagawaji wa maji, na hao wakalazimika kutoa tangazo kwamba maji hayana shida. Watangazaji walisimamishwa kazi. Mzaha ule uliofundisha Idaho Falls ulileta hofu Florida, na maneno yalikuwa karibu yaleyale. Tofauti ni kwamba darasani mwanafunzi aliwaonyesha watu mtego palepale walipoingia ndani yake. Kwenye redio, mtu aliyefungua katikati ya kipindi na kufunga kabla ya mwisho alibaki na hofu peke yake.

Katika majimbo ya mashariki hali ni ngumu zaidi. Sauti ya WhatsApp inakatwa, inatumwa kutoka Bunia mpaka Uvira, na sehemu ya kucheka inabaki njiani. Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 na sehemu kubwa ya Goma ikaamriwa kuhama tarehe 27, hapakuwa nafasi ya mzaha juu ya gesi ya ziwa. Mtu mwenye mtoto mgongoni hana saa ya kutafuta kama unacheka. Dhihaka ni chakula cha siku za utulivu; siku ya hatari watu wanahitaji maneno mafupi na ya wazi.

Ndani ya siku hizo za utulivu njo kazi inapaswa kufanyika. Tangu miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani William McGuire alifikiri kwamba akili inaweza kuchanjwa sawa na mwili: mpe mtu kipande kidogo cha udanganyifu, kilichokwisha kuvunjwa nguvu, na atautambua mkubwa ukija. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa pamoja na wenzao wa Uholanzi mchezo wa kompyuta unaoitwa Bad News. Mchezaji anapewa kazi ya kuwa mzushi: atie watu hofu, ajifanye mtaalamu, atafute wafuasi wa bandia. Ni mchezo wa kuchekesha, na majaribio yalionyesha kwamba waliocheza walikuwa wagumu zaidi kuamini habari za bongo. Nguvu hiyo inapungua kadiri wiki zinavyopita, kama mtu hakumbushwi. Hata chanjo ya akili inataka kurudiliwa.

Si lazima kompyuta. Kalamu inatosha. Wape wanafunzi wa sekondari kazi ya kuandika tangazo la kutisha juu ya kitu kisicho na hatari, kwa kutumia maneno ya kweli tu: sombe, chumvi, ndizi. "Kila mtu aliyekula sombe mwaka 1890 amekwisha kufa." Hesabu nazo zinachekesha. Mwaka 2009, zawadi za Ig Nobel, zinazotolewa tangu 1991 kwa kazi zenye kuchekesha watu kwanza kisha kuwafikirisha, zilimpa zawadi ya hisabati gavana wa benki kuu ya Zimbabwe, Gideon Gono, kwa kuwa noti zake ziliwazoeza raia hesabu kutoka senti moja mpaka dola trilioni mia moja. Wazee wa Bukavu na Goma wenye kukumbuka noti ya zaïre 5,000,000 ya mwisho wa 1992 wataelewa mzaha huo kabla ya watoto wao, na wanaweza kualikwa darasani kuufundisha. Wala mtu asidhani kwamba zawadi hizo ni za wapumbavu: Andre Geim aliipata mwaka 2000 kwa kumfanya chura aelee hewani kwa nguvu ya sumaku, na mwaka 2010 akapata Nobel ya kweli ya fizikia.

Kinachozuia ni kitu cha kawaida sana. Darasa lina watoto wengi kupita kiasi, mwalimu hajalipwa vizuri, na kicheko kinaonekana kama ukosefu wa adabu. Katika maeneo yenye watu wenye silaha, mwalimu anajua pia kwamba mzaha juu ya mkubwa unaweza kumfuata mpaka nyumbani. Ndiyo maana mbuzi, mwavuli na pepo wa mazuku ni wenzake wazuri kuliko majina ya wanasiasa. Na mwisho wa sekondari kuna Examen d'État. Sehemu yake ya sayansi inataka mwanafunzi achague jibu moja kati ya yale aliyoandikiwa. Hamna mstari wa kuandika "umejuaje?". Mwalimu wa darasa la mwisho, mwenye wazazi wanaohesabu ni watoto wangapi watafaulu, atatumia saa yake kwa kile kinachoulizwa. Kwa hiyo kama mchezo wa mishumaa na wa sombe utapata nafasi, itakuwa katika miaka ya chini, saba na nane ya elimu ya msingi, ambako mtihani huo bado uko mbali na mtoto hajaona haya kuuliza.